Laptopu ya steshenari inakwama, na programu tatu za kusafisha hazijasaidia kitu

"Habari za kazi fundi. Nina steshenari ndogo hapa Majengo, Moshi. Natumia laptopu HP EliteBook 840 G1 niliyonunua used miaka minne iliyopita, RAM 4, hadi diski 500, Windows 10. Siku hizi nikiiwasha asubuhi nafagia duka, napanga rimu, nafungua dirisha, ndio na yenyewe inakuwa imemaliza kuwaka. Nikifungua Word na Chrome pamoja inaganda, na wateja wa mikopo ya chuo wamejaa wananiangalia tu. Mdogo wangu aliniwekea programu ya kusafisha ikasaidia kama siku mbili, nikaongeza ya pili, na ya tatu. Hii ya tatu inasema kompyuta yangu ina makosa 1,487 na inataka dola 30 ndio iyatoe. Kijana wa jirani anasema nipige windo, mwingine anasema tatizo ni RAM, mwingine anasema imezeeka niiuze. Kwenye Task Manager naona Disk 100% muda wote. Nianze na lipi? Sina hela ya kujaribu jaribu. Aika."

Dada yangu pole sana, na kwanza kabisa usilipe hizo dola 30. Mengine nitakayoandika unaweza kuyasoma jioni ukishafunga duka, ila hilo nimeliweka mbele makusudi maana najua inavyokuwa, foleni imejaa, mtu anataka fomu yake, kile kitufe chekundu kinakutisha na namba ya kadi unajikuta umeshaingiza.

Umeniwekea mambo manne mezani, kusafisha, kupiga windo (yaani kufuta na kuweka Windows upya), kuongeza RAM na kuuza, unataka lipi lianze. Kwa maoni yangu hakuna hata moja linaloanza. Kinachoanza ni kujua ndani ya hiyo mashine nani anasubiriwa na wenzake, maana kompyuta ikiwa nzito huwa sio vyote vimechoka, kuna mmoja tu anawachelewesha wengine, na wewe bila kujua umeshanipa nusu ya jibu hapo uliposema Disk 100%.

Chukulia steshenari yako yenyewe. Wewe uliyekaa pale mbele ndio prosesa. Meza yako ndio RAM. Lile kabati la nyuma unakoweka mafaili ndio hadi diski. Mteja akija unaenda kabatini, unaleta faili mezani, unafanya kazi. Sasa meza ikiwa ndogo, ili uweke faili la pili lazima la kwanza ulirudishe kabatini, halafu yule wa kwanza akiuliza tena unaenda kulichukua upya, basi siku nzima ni kwenda na kurudi na kazi haionekani. Hivyo ndivyo Windows inavyofanya RAM 4 ikijaa, inahamishia vitu kwenye hadi diski kwa muda halafu inavirudisha. Kumbe tatizo lako lina vipande viwili, meza ni ndogo, na kabati lenyewe liko mbali. Huo umbali wa kabati ndio unaokuua zaidi, ngoja nikueleze kwa nini.

Hadi diski ya kizamani ina sahani ndani zinazozunguka na mkono unaopita juu yake, ukikumbuka zile santuri za wazee utakuwa umepata picha, tofauti ni kwamba huu mkono haugusi sahani. Nyingi za laptopu zinazunguka mara 5,400 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Windows ikitaka kijifaili kimoja, mkono usogee mpaka kwenye mstari wake, kisha usubiri sahani izunguke hadi kipande kinachotakiwa kipite chini yake. Ikijitahidi sana inachukua vipande kama mia kwa sekunde vikiwa vimetawanyika huku na huku, na Windows 10 inapowaka inataka vijifaili maelfu kwa mpigo, antivairasi nayo inataka kuvikagua vilevile kabla havijafunguka, apdeti imeamka, na zile programu zako tatu za kusafisha nazo zimeamka zinataka kukagua uchafu. Ndio maana ukiangalia kwenye Task Manager, upande wa Performance, utakuta Disk imeandika 100% lakini kinachosomwa ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde. Watu wengi wanadhani hiyo 100% ni kujaa. Sio kujaa, ni kwamba haijapumzika hata sekunde moja. Pale pale kuna namba ya Average response time, iangalie, kama inacheza kwenye mamia ya milisekunde au imefika elfu na zaidi basi kila kinachoombwa kinakaa foleni muda wote huo, na hapo hata ukiweka prosesa ya roketi itakaa inasubiri.

Sasa njoo kwenye ufagio. Programu ya kusafisha imekuja dukani kwako ikafagia sakafu ikang'aa, ila foleni iko pale pale kwa sababu haikuletwa na uchafu wa sakafu, imeletwa na mtu mmoja anayetembea polepole kwenda kabatini. Utaniuliza mbona ya kwanza ilisaidia siku mbili. Ilisaidia kweli, sikatai, mara nyingi programu hizo zikimaliza zinaristati mashine, na kuristati peke yake kunafuta meza yote upya, pia inawezekana ilizima vitu viwili vitatu vilivyokuwa vinajiwasha. Baada ya siku mbili vitu vimerudi mezani, hali ikawa ile ile, ukaongeza ya pili. Hapo ndipo ulipokosea kidogo, maana kila moja inajiwasha na Windows na inakaa nyuma inachungulia. Ni kama umeajiri wafagiaji watatu wanasimama mlangoni na mafagio, wateja wanapita kwa shida.

Na zile 1,487? Nyingi zinatoka kwenye rejistri, hilo ni daftari kubwa ambamo Windows na programu zote zinaandika mipangilio yao. Ukitoa programu, mara nyingi inaacha mistari yake humo. Ni sawa na daftari lako la madeni, mtu ameshalipa ila jina lake hujalikata, je daftari limekuwa zito? Hapana. Windows haisomi hilo daftari ukurasa kwa ukurasa, inaenda moja kwa moja kwenye mstari inaoutaka, kwa hiyo ukifuta mistari elfu moja iliyokufa hutaona tofauti hata ya sekunde. Namba zingine wanazijazia kwa kuhesabu kuki za brauza, vile vijifaili ambavyo tovuti zinaacha, moja moja, kila kuki ni "kosa", hapo 1,487 inapatikana kwa asubuhi moja tu ya kuperuzi. Microsoft wenyewe wameandika wazi kwamba hawaungi mkono hizo programu za kusafisha rejistri, kwa sababu zikifuta mstari usio sahihi unaweza kukuta printa haisomi au Windows haiwaki kabisa, na wewe steshenari bila printa sijui utauza nini.

Sisemi zote ni za matapeli. CCleaner kwa mfano ni programu halali na mafundi wengi tulikuwa nayo kwenye flashi zetu miaka na miaka. Lakini mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa watengenezaji wakapachika kirusi ndani ya toleo la 5.33, likawa linapakuliwa pale pale kwenye tovuti rasmi, kompyuta kama milioni 2.27 zikalipokea kabla halijagundulika mwezi wa tisa. Programu ya aina hiyo unaipa funguo za nyumba nzima ili ikufagilie, na ndani ya Windows kuna ufagio wa bure unaotosha. Kwa hiyo mimi siku hizi kwenye mashine za wateja siziweki kabisa.

Kabla hujagusa kitu chochote lakini, toa kazi zako nje. Mafaili ya wateja yanayosubiri, templeti zako za barua na CV, hesabu za duka, vyeti vyako mwenyewe, vyote vihamishie kwenye hadi diski ya nje au flashi mbili, si moja. Nakwambia hivi kwa sababu hadi diski kukaa 100% na kujibu polepole kuna sababu mbili, moja ni uzito wa kawaida niliokueleza, nyingine ni kwamba yenyewe inakufa, na kwa macho zinafanana sana. Hiyo mashine prosesa yake ni kizazi cha 4 cha Intel, cha mwaka 2013, sasa kama hadi diski ni ile iliyokuja nayo basi ni mzee. Halafu niulize, betri yako inakaa na chaji? Kama betri imekufa na unatumia umeme wa ukutani tu, kila umeme unapokatika hadi diski inakatwa katikati ya kuandika, na hiyo ndiyo inayozimaliza hizi mashine za madukani kuliko uzee wenyewe.

Kuna programu ndogo ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, hiyo haisafishi wala haifuti kitu, inasoma tu taarifa za afya ambazo hadi diski yenyewe inajiandikia. Ukiifungua utaona rangi. Bluu ikiandika Good, sawa. Njano ikiandika Caution, angalia mistari ya 05, C5 na C6, hapo inahesabu vipande vya sahani vilivyoharibika au ambavyo vinasuasua kusomeka. Ukikuta njano au nyekundu, au ukisikia inalia tik tik tik kama saa iliyokwama, acha mambo ya kusafisha, usiendeshe scandisk (ya kukagua diski), usiendeshe defrag (ya kupanga mafaili upya), usipige windo juu yake. Kila kazi nzito unayoipa inaipeleka kaburini. Toa mafaili yaliyobaki halafu izime. Na kama kuna kitu humo ndani ambacho huwezi kukipoteza na kimeshaanza kugoma kufunguka, usiendelee kuwasha wala kuzima, mpelekee mtu anayefanya kazi ya kurudisha data, hapo sio mahali pa kijana wa jirani.

Tuseme ni bluu. Basi anza na yale yasiyo na gharama. Nenda kwenye Settings, Apps, toa zile programu tatu zote, na kama una antivairasi mbili bakiza moja, Windows 10 inakuja na Defender yake na kwa steshenari inatosha, ukirundika nyingine mbili, moja ya majaribio iliyoisha muda, zinagombania kila faili. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Startup, utakuta orodha ya vinavyojiwasha. Zima Skype, Teams, Spotify, vipakuzi vya muziki, vitu vya aina hiyo. Vya printa na vya sauti viache, na usichokijua usikiguse kwanza, andika jina lake ulitafute. Kuzima hapo hakufuti programu, kunaizuia tu isijiwashe, ukiihitaji unaifungua kwa mkono wako.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, ukibonyeza Shut down kwenye Windows 10 mashine kwa kawaida haizimi kabisa, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye hadi diski ili kesho iwake haraka, wanaita Fast Startup. Ile ya jana inarudi na uchovu wake. Anayezima kweli ni Restart. Fungua Task Manager, Performance, CPU, utaona Up time, nimewahi kukuta ya mteja wa Ngarenaro, huku Arusha, inasoma siku 41 na mwenyewe anaapa anazima kila jioni. Kwa hiyo jioni kabla ya kufunga, ristati, ikishawaka ndio uzime.

Ufagio wa bure uko Settings, System, Storage. Hapo utaona Temporary files, tiki za faili za muda na mabaki ya apdeti ziweke, ila ile ya Downloads itoe kwanza, watu wamelia kwa sababu hiyo. Lengo ni diski C ibaki na nafasi kama asilimia 15 au 20, ikibanwa chini ya hapo Windows inakosa pa kuhamishia vitu vya mezani na apdeti zinagoma. Kama C yako ina GB 300 wazi, usihangaike, kufuta zaidi hakutaongeza kasi hata kidogo. Na wale wanaokufundisha kuingia folda ya Prefetch na kufuta kila kitu, waache, yale ni maandishi ambayo Windows imejiandikia ili programu zako zifunguke haraka, ukifuta inaanza kujifunza upya na mara ya kwanza itakuwa nzito zaidi.

Hapo hapo kwenye kufuta, nina neno moja na usinichukie. Najua desktopu ya steshenari ilivyo. Skani za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya form four vya watoto wa watu, fomu za mkopo zenye namba za simu za wazazi, zote zimelala pale tangu mwaka juzi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi mwezi wa tano 2023, na wewe unayeshika taarifa za watu inakuhusu. Jiwekee utaratibu, kila Ijumaa folda ya wateja inafutwa na pipa la taka linamwagwa.

Halafu flashi. Wewe unapokea flashi ngapi kwa siku, ishirini? Thelathini? Mteja anachomeka, folda zake zote zimegeuka shotikati (alama za njia ya mkato), unabofya, inafunguka kama kawaida, kumbe ile shotikati imefanya kazi mbili, imefungua folda ambayo kirusi kimeificha na wakati huo huo imewasha kijiprogramu kinachoingia kwenye mashine yako na kuambukiza kila flashi inayofuata. Kikiingia kinakaa nyuma kinafanya kazi zake, na wewe unaona tu laptopu imekuwa nzito. Kwenye Task Manager, upande wa Processes, ukiona wscript, kijiprogramu cha Windows ambacho virusi hivi hukitumia, iko hai na hujafungua chochote, shuku hapo hapo. Endesha Defender ile ya Offline scan, inaristati mashine na kukagua kabla Windows haijaamka, kirusi hakipati pa kujificha. Na mteja akija na flashi yenye shotikati usimwambie faili zimepotea, fungua Command Prompt, kama flashi imesoma F andika attrib -h -s -r /s /d F:\*.* halafu Enter, folda zake zitaonekana, zile shotikati unafuta. Hiyo peke yake unaweza kuitoza hela.

Nisisahau, kama Windows au Office yako iliamilishwa na kile kifaili cha kuvunja leseni kinachozunguka WhatsApp, jua vingi vinakuja na mgeni ndani yake, na maelekezo yake ya kwanza huwa "zima antivairasi". Mtu anayekuja kwako anakwambia funga mbwa kwanza.

Joto nitalipita haraka maana kwako sio dalili kuu. Mashine yenye joto huwa inawaka vizuri asubuhi halafu inachoka saa sita saba mchana feni ikiunguruma, prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Ya kwako ni nzito tangu inawaka, baridi kabisa. Hata hivyo mahali penye fotokopi kuna vumbi la karatasi na la tona, linaingia kwenye feni linashikana kama sufi, kwa hiyo mara moja kwa mwaka ifunguliwe, ipulizwe, ibadilishwe na ile pesti ya kwenye prosesa. Wakati wa kupuliza feni ishikwe isizunguke, na tafadhali isiwe ile kompresa ya gereji inayotema maji na mafuta.

Sasa zile njia nne, kusafisha tumeshamaliza, nizipime zilizobaki pamoja na moja ambayo hukutajiwa.

Kupiga windo sio dhambi, ila kwa hali yako ni kupaka rangi upya nyumba yenye bati linalovuja. Windo mpya ni nyepesi wiki ya kwanza kwa sababu haina kitu, ukirudisha Chrome, Office, printa na apdeti zikishuka, unarudi ulipokuwa, kwa sababu hadi diski bado ni ile ile ya sahani. Piga windo kama una kirusi kisichotoka au mfumo umeharibika, na hata hivyo ipigwe siku unabadilisha hadi diski ili usilipe ufundi mara mbili.

RAM, yule kijana hajakosea, 4 ni ndogo kwa Chrome ya leo. EliteBook 840 G1 ina sloti mbili, kwa hiyo fundi aifungue aangalie kama moja iko wazi, mnaongeza 4 nyingine inakuwa 8 na ile ya zamani hutupi. Inachukua DDR3L, ile yenye L mwishoni ya volti 1.35. DDR4 haiingii kabisa, usikubali kuuziwa ukaambiwa itarekebishwa. Lakini ukinunua RAM peke yake ukaacha hadi diski hiyo, kuwaka kwake asubuhi hakutabadilika sana, utafagia duka vilevile.

SSD, diski ya kisasa inayokaa mahali pa hadi diski, ndiyo hiyo hukutajiwa, na ndio ningeanza nayo kama hela ni ya kitu kimoja. Haina sahani wala mkono, ni chipu tupu, faili inapatikana chini ya milisekunde moja na kusoma mfululizo inafika MB 500 kwa sekunde wakati ya zamani inahangaika kwenye 100 ikiwa na siku nzuri. Kwa mashine yako ni ile ya inchi 2.5 ya SATA, GB 240 au 256 inatosha, mafaili makubwa weka kwenye hadi diski yako ya zamani ukiinunulia kava la USB, kama bado ni nzima. Nimezibadilisha nyingi za miaka hiyo na mteja akija kuchukua anadhani nimempa laptopu ya mtu mwingine. Bei sikutajii maana kila siku inacheza, uliza maduka matatu, ila ukikuta ya TB 2 inauzwa bei ya kilo chache za nyama jua hapo ni jina tu limebandikwa. Ikishawekwa usiondoke, fungua Task Manager mbele ya fundi, Performance, isome SSD na ukubwa uliolipia. Na usiipige defrag za kwenye programu za kusafisha, Windows inaitambua SSD na inaitunza kwa njia yake.

Kuuza je? Hapa nakuwa mkweli, kuna kitu kinachonipa mashaka. Microsoft walisimamisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea, yako ni cha 4. Kuna nyongeza ya apdeti za usalama kwa watu binafsi inayofika tarehe 13 Oktoba 2026, baada ya hapo mashine itaendelea kufanya kazi ila matundu mapya ya usalama hayazibwi, na wewe unaingiza humo taarifa za mikopo na vitambulisho vya watu. Kuna ujanja wa kuilazimishia Windows 11, unafanya kazi, lakini apdeti zake hazina dhamana na kwa kompyuta ya biashara mimi siupendi. Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ingepaa kwenye hiyo mashine, shida ni fomati za Word za wateja zinazohama mistari na printa ambazo hazina draiva (programu ya kuziendesha) humo, utapata lawama. Kwa hiyo hesabu yangu ni hii, kama huna hela ya laptopu nyingine mwaka huu weka SSD, na siku ukinunua nyingine iliyo bora hiyo SSD unaweza kuihamisha ikiwa ina nafasi ya inchi 2.5, RAM ya DDR3L ndio itabaki humo. Kama hela ya used ya kizazi cha 8 unakaribia kuipata, basi usiongeze kitu hapa, fanya yale ya bure tu na uvumilie.

Nenda kwa fundi mwenyewe, usihangaike peke yako, ukiona rangi ya njano au nyekundu niliyokwambia, skrini ya bluu inajirudia, mashine inajizima, au kama hujawahi kufungua laptopu na huna bisibisi ndogo. Hapo Moshi mafundi wazuri wapo, chagua anayekubali kufungua ukiwa umekaa. Piga picha vibandiko vya RAM na hadi diski kabla na baada, muulize data zako zitahamishwaje, na hadi diski ya zamani udai urudishiwe mkononi hata kama imekufa, humo ndani kuna vyeti vya nusu ya Majengo.

Ukiamua kuileta huku Arusha, Restart halafu Shut down kabla hujatoka nyumbani, usiifunge tu mfuniko ikalala, kuna mashine zinaamka zenyewe ndani ya begi na hadi diski inaanza kuzunguka huku gari linaruka matuta. Ipakate wewe mwenyewe, usiiweke kwenye buti. Na uje na chaja yake, kila mtu anaisahau, halafu tunaanza kuazima ya jirani ambayo mashine haiitambui.